Walter Johnson, mrushaji aliyetoa wapigaji zaidi ya 3,500

Kwenye beziboli, mchezo unaopendwa sana Marekani, mmoja anarusha mupira, mwingine anaupiga na fimbo. Mpigaji akikosa mara tatu, anatoka. Walter Johnson, mwana wa walimaji, alizaliwa Kansas mwaka wa 1887. Kuanzia 1907 mpaka 1927 alichezea ekipe moja tu, ile ya Washington, na akatoa hivyo wapigaji zaidi ya 3,500.

Je, warushaji wa leo wanamushinda? Kwa kila mechi, wengi wanatoa watu kumupita. Lakini wapigaji wa leo wanapiga kwa nguvu yote, hawaogope kukosa. Wale wa zamani walitafuta tu kugusa mupira. Tena Johnson alimaliza yeye mwenyewe mechi 531. Leo mrushaji anabadilishwa mapema.

Kwenye fainali ya 1924 alishindwa mechi mbili. Siku ya mwisho, na miaka 36, akaitwa tena mechi ikiwa katikati. Hakuachilia hata pointi moja, Washington ikashinda.

Alikufa 1946. Rekodi yake ilidumu mpaka 1983, Nolan Ryan alipoivuka. Hesabu peke yake haitoshe kupima muntu: uliza pia alishindana na nani, na namna gani.