Kesi ya Ole Gilisho ilikufa Mombasa

Kila nikisikia wenzetu wamevunjiwa nyumba kwa kukosa hati miliki, humkumbuka marehemu Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa Wamaasai wa Purko. Mwaka 1904 aliridhia mkataba: watu wake wapishe walowezi Bonde la Ufa, waachiwe Laikipia daima. Daima hiyo haikufika miaka kumi. Mwaka 1911 alishinikizwa kuridhia mkataba mwingine, wakahamishwa kusini na mifugo yao. Wapo waliofia njiani. Wenzake, naye akiwa nyuma yao, wakaweka wakili na kushtaki Mahakama Kuu, papa hapa Mombasa. Mwaka 1913 kesi ikatupwa, eti Wamaasai ni taifa la kigeni, na mkataba wao na Mwingereza hauamuliwi mahakamani. Wageni, kwao! Rufaa nayo ikaanguka Desemba.