Nilipolizuru kaburi la Mkono wa Damu

Ukiingia makaburi ya Engesohde katika mji wa Hannover, Ujerumani, utadhani umeingia bustani. Miti mikubwa, njia zimefagiliwa, kimya kimetanda. Nilikwenda huko kumtafuta mtu mmoja ambaye sisi watu wa Pwani tuna hesabu naye: Carl Peters.

Alizaliwa mwaka 1856, mtoto wa kasisi. Mwishoni mwa 1884 alishuka Unguja, kisha akavuka bara na wenzake wachache. Kwa majuma machache alipita Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami akiwatilisha machifu sahihi kwenye karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Februari 1885 Kaisari akazibariki karatasi hizo. Sayyid Barghash alipolalamika, manowari za Kijerumani zilikuja kutia nanga mbele ya kasri lake.

Huku kwetu alifika 1889. Waingereza walimzuia asishuke, lakini akapenya hadi Witu, halafu akapanda na mto Tana akidai anakwenda kumwokoa Emin Pasha. Njiani alipora vyakula na kupiga watu risasi, na hakuona haya kuyaandika hayo mwenyewe kitabuni. Mwaka uliofuata Ujerumani iliiachia Uingereza Witu. Mwaka huohuo, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa pale, Waingereza wakauteketeza mji. Wenyewe wa Witu hawakuulizwa walipopewa Mwingereza.

Akiwa mtawala Kilimanjaro, Peters alimnyonga mtumishi wake, Mabruk, na baadaye binti aliyekuwa akikaa naye, Jagodia. Ndipo jina la Mkono wa Damu likamganda. Habari zilipofika bunge la kwao ikawa kashfa, na 1897 akafukuzwa kazi. Alifariki 1918. Utawala wa Hitler ukaja kumsafisha na kumfanya shujaa. Leo uwanja uliokuwa na jina lake hapo Hannover una jina la Bertha von Suttner, mwanamke aliyepigania amani.

Msomaji wangu, sisi tumefunzwa kumtaja maiti kwa wema wake. Nilisimama pale nikautafuta wema wa Peters kwetu, sikuuona. Nikaondoka bila ya kulaani, lakini moyo ulikuwa mzito kwa jambo jingine. Huyu ana jiwe, ana jina, na mgeni kutoka mbali anaweza kumfikia. Mabruk na Jagodia ningewazuru wapi? Na wale waliouawa kandokando ya Tana, nani anayajua majina yao?

Wazee wa Witu na wa mtoni bado wana waliyosimuliwa na babu zao. Tuwaendee tukayaandike sasa, wangali hai. Tukingoja, itabaki hadithi ya Peters peke yake, na aliyeiandika ni yeye.