Eugène Houdry: Aliyegeuza mabaki ya mafuta kuwa esansi, kisha akapambana na moshi wake

Magari ya esansi yanayoingia Lubumbashi kupitia Kasumbalesa, mengi yakiwa na usukani wa kulia, hubeba kazi mbili za mtu mmoja. Ya kwanza iko ndani ya tenki: sehemu ya esansi hiyo ilitokana na mafuta mazito meusi ambayo zamani yalikuwa na bei ndogo sana. Ya pili iko chini ya gari, kwenye bomba la moshi, ikiwa bado haijang'olewa: sanduku la kusafisha moshi ambalo mafundi huliita katalizeri. Mtu huyo ni Eugène Houdry, mhandisi kutoka Ufaransa aliyefariki Marekani mwaka 1962. Hivi leo wachache wanalijua jina lake.

Mtoto wa kampani ya vyuma

Houdry alizaliwa tarehe 18 Aprili 1892 huko Domont, karibu na Paris. Baba yake alikuwa na kampani ya vyuma vya ujenzi, na kijana alitarajiwa kuirithi. Alisomea ufundi wa mashine katika shule ya Arts et Métiers ya Châlons-sur-Marne, akamaliza mwaka 1911 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Huko shuleni alikuwa pia kapteni wa timu ya kandanda. Mwaka huohuo wa 1911, tanuru za Union Minière zilianza kuyeyusha shaba katika mji mpya wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo.

Vita Kuu ya Kwanza ilimtoa kwenye kampani ya baba yake. Alitumikia katika kikosi cha vifaru, silaha iliyokuwa mpya kabisa, na mwezi wa Aprili 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Juvincourt. Alipewa nishani kwa kusimamia utengenezaji wa vifaru vilivyoharibika huku risasi na mizinga vikiendelea. Katika vita hivyo Ufaransa nzima ilipata somo moja: nchi isiyo na visima vya mafuta inapigana kwa hisani ya wengine.

Baada ya vita Houdry alipenda mashindano ya magari. Mwaka 1922 alisafiri hadi Marekani, akatazama mbio za Indianapolis na kutembelea kiwanda cha Ford huko Detroit. Aliona kwamba injini zilikuwa zimesonga mbele kuliko mafuta yake. Fundi aliyejaribu kuongeza nguvu ya injini alisikia ikigonga, kwa sababu esansi ya siku zile ililipuka kabla ya wakati wake.

Makaa yaliyoshindwa

Mwaka huohuo wa 1922 Houdry alisikia habari za mfamasia mmoja wa mji wa Nice, aliyeitwa Prudhomme, ambaye alidai anaweza kutoa esansi katika linyiti, aina duni ya makaa ya mawe. Ufaransa ilikuwa na linyiti nyingi. Houdry alianzisha maabara, akaingiza humo fedha za ukoo wake, na serikali ikamsaidia. Mwaka 1929 kiwanda cha majaribio kilifunguliwa kusini mwa nchi, chenye uwezo wa kutumia tani 60 za linyiti kwa siku.

Esansi ilitoka, lakini bei yake ilizidi ile ya mafuta yaliyonunuliwa ng'ambo. Serikali ilifunga mfuko wake, na kiwanda nacho kikafungwa. Mtu mwingine angerudi kwenye vyuma vya baba yake. Houdry alibaki na jambo moja alilokwisha kulianza pembeni, akitumia mafuta mazito badala ya makaa.

Udongo na masizi

Ili kuelewa alichokifanya, inafaa kujua kinachotokea kiwandani. Mafuta ghafi yakichemshwa, sehemu nyepesi hupanda kwanza: gesi, kisha esansi, kisha petroli ya taa, kisha mazuti. Chini ya mtambo hubaki uji mzito na mweusi. Uji huo ni minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni. Ukikata minyororo hiyo vipande vifupi, unapata esansi tena.

Wamarekani walikuwa wakiikata kwa moto na shinikizo tangu mwaka 1913, kwa njia ya William Burton. Lakini njia hiyo ilitoa esansi ya kiwango cha chini na kuacha mabaki mengi. Houdry alitafuta kichocheo, yaani kitu kinachosaidia mnyororo ukatike bila chenyewe kuliwa. Alijaribu vitu vingi sana. Mnamo mwaka 1927 alipata jibu katika udongo uliotiwa asidi, wenye silika na alumina. Esansi iliyotoka ilikuwa bora, na gari lake mwenyewe lilipanda mlima bila kugonga.

Tatizo lilikuwa masizi. Kila mnyororo uliokatika uliacha kaboni kidogo juu ya udongo, na baada ya dakika chache udongo ulizibwa wote. Wataalamu waliomtangulia waliona hapo ndipo mwisho wa njia. Houdry aliyachoma masizi hayo kwa hewa, udongo ukawa safi tena, na joto la moto huo likatumika kuendesha mtambo. Alipanga matungi kadhaa kwa zamu: moja likikata mafuta, jingine linasafishwa, jingine linachomwa, na vali zinabadilisha kazi kila baada ya dakika kumi hivi.

Mkaaji wa Lubumbashi anaweza kulielewa jambo hili kwa kutazama Terril, ule mlima mweusi ulio kando ya bomba refu la moshi la Gécamines. Kwa miaka mingi ulikuwa jaa la takataka za tanuru. Baadaye ilijulikana wazi kwamba ndani yake kuna kobalti nyingi, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 umekuwa ukichimbwa na kuyeyushwa upya. Mabaki hayakuwa yamebadilika. Kilichobadilika ni ufundi wa kuyafungua, na faida ilikwenda kwa aliyekuwa na ufundi huo.

Kuhamia Marekani

Kampani za Ulaya zilisitasita. Mwaka 1930 kampani ya Vacuum Oil ilimwalika Marekani, na Houdry akahamia huko na mitambo yake. Mwaka uliofuata iliundwa Houdry Process Corporation. Mdororo wa uchumi ulikaribia kuizima kazi hiyo, hadi Sun Oil ilipoingia kama mshirika mwaka 1933.

Mtambo wa kwanza wa biashara ulianza mwaka 1936 huko Paulsboro, New Jersey, ukikata mapipa 2,000 kwa siku. Mwaka 1937 Sun Oil iliwasha mtambo mkubwa zaidi huko Marcus Hook, Pennsylvania. Karibu nusu ya mafuta mazito yaliyoingia humo yalitoka yakiwa esansi ya kiwango cha juu. Njia ya moto mtupu ilitoa kama robo tu. Kufikia mwaka 1940 kulikuwa na mitambo 14 ya aina hiyo, ikikata mapipa 140,000 kwa siku.

Wakati huo ndege za kivita zilihitaji esansi ya oktani 100, na mitambo ya Houdry ilitoa sehemu kubwa ya kiungo chake. Houdry mwenyewe aliongoza nchini Marekani chama cha France Forever, kilichomuunga mkono Jenerali de Gaulle. Kwa sababu hiyo, mwaka 1941 serikali ya Vichy ilimvua uraia wa Ufaransa. Mwaka 1942 akawa raia wa Marekani.

Mpira wa msituni na mpira wa kiwandani

Vita hivyo vilimleta Houdry karibu na Kongo, ingawa hakuna aliyepanga hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, na mpira wa magurudumu ukaadimika. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilirudisha watu wa Kongo msituni kutafuta mpira wa mwitu, kazi ambayo wazee walikuwa wakiikumbuka kwa uchungu tangu enzi ya Leopold II. Siku za kazi za lazima kwa mwanakijiji ziliongezwa hadi 120 kwa mwaka.

Upande wa pili wa bahari, wahandisi walikuwa wakitafuta njia ya kutengeneza mpira bila mti. Kiungo walichohitaji kinaitwa butadieni. Houdry alibuni njia ya kuitoa katika gesi ya butani kwa hatua moja, juu ya kichocheo chenye kromi, na masizi yakichomwa kwa zamu kama kawaida yake. Njia yake ilikuwa mojawapo ya njia zilizotumika wakati wa vita. Vita vilipokwisha, viwanda vya mpira wa kutengenezwa vilikuwa vimesimama, na mpira wa mwitu wa Kongo haukuwa na mnunuzi tena.

Butadieni ni ndugu wa etileni na propileni, gesi zinazoitwa olefini. Humo ndimo hutoka sashe za sokoni, ndoo, mabomba ya maji, na magunia meupe ya bunga na ya madini. Njia kuu ya kutoa olefini leo ni kukata mafuta mepesi kwa mvuke: yanapitishwa pamoja na mvuke ndani ya mabomba yenye joto la nyuzi 800 na zaidi, kwa muda usiofika sekunde moja, kisha yanapozwa ghafla. Kwa mabaki mazito njia hiyo ina shida, kwa kuwa masizi huziba mabomba haraka. Hapo ndipo mitambo ya ukoo wa Houdry hutumika. Tangu mwaka 1942 udongo haukai tena mahali pamoja bali unazunguka kama vumbi kati ya tungi la kukata na tungi la kuchoma, na mitambo hiyo hutoa sehemu kubwa ya propileni ya dunia.

Mabaki mazito zaidi yana sulfuri na metali zinazoua kichocheo. Kwa hiyo mara nyingi husafishwa kwanza kwa hidrojeni, juu ya vichocheo vya kobalti na molibdeni. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, nyingi ikichimbwa Katanga. Inaondoka hapa kama bidhaa ya mgodi na kurudi ikiwa imefichwa ndani ya esansi, mazuti na plastiki. Mafuta ghafi ya Kongo nayo huuzwa nje kutoka Moanda, huku Lubumbashi ikingoja malori ya mafuta kutoka upande wa Zambia. Mwishoni mwa mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, lakini sashe bado zinaonekana mitaani.

Moshi

Karibu na mwaka 1950 Houdry alisoma habari za hewa chafu ya Los Angeles, ukungu uliowasha macho ya watu mchana kutwa. Alielewa kwamba esansi aliyoiongeza duniani ilikuwa sehemu ya tatizo hilo, na alikuwa na hofu kwamba moshi wa magari unachangia saratani ya mapafu. Alikuwa amekaribia miaka 60, mwenye jina na mali. Akaanzisha kampani nyingine, Oxy-Catalyst, na kurudi kwenye wazo lake la ujanani: kichocheo na hewa vinaweza kuchoma kile ambacho moto wenyewe umeshindwa kuchoma.

Alitengeneza sanduku la kufunga kwenye bomba la moshi, lenye kichocheo cha platini, ambalo huichoma gesi ya sumu ya kaboni monoksidi kabla haijatoka nje. Alipata hataza yake mwaka 1956. Sanduku lilifanya kazi kwenye mashine za kuinua mizigo ndani ya maghala. Kwenye magari ya barabarani lilikwama, kwa sababu esansi ilikuwa ikitiwa risasi, ile metali, ili injini isigonge. Risasi ilifunika platini, na baada ya muda mfupi sanduku likafa. Kampani za mafuta hazikuwa tayari kuiacha risasi.

Mwaka 1959 wanakemia wa Marekani walimtunuku nishani ya Perkin. Tarehe 18 Julai 1962 alifariki Upper Darby, Pennsylvania, akiwa na miaka 70, bila kuona sanduku lake likiwekwa kwenye magari ya watu. Miaka 13 baadaye, magari mapya ya modeli ya 1975 nchini Marekani yalianza kufungwa katalizeri, na risasi ikaanza kutolewa kwenye esansi.

Kilichobaki Lubumbashi

Afrika kusini mwa Sahara iliacha esansi ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Kizuizi kilichomshinda Houdry kimekwisha. Kizuizi kipya ni biashara ya masanduku yenyewe. Platini, paladi na rodi zilizomo ndani yake zina bei kubwa, na ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba magari yaliyotumika yanayotumwa Afrika mara nyingi yanachafua hewa kupita kiasi, baadhi yakiwa yametolewa katalizeri kabla ya safari. Mengine hung'olewa yakiwa tayari yamefika, na mahali pake fundi huchomea bomba tupu.

Gari hilo litaendelea kutembea, na mwenyewe pengine hataona tofauti. Atakayeiona ni mama anayeuza matunda kando ya barabara tangu asubuhi, na mtoto anayesubiri basi la shule nyuma ya bomba hilo. Kwa anayenunua gari, kuhakikisha ni kazi ya dakika chache: kuinama, kufuata bomba la moshi kutoka kwenye injini kwenda nyuma, na kutazama kama sanduku lipo au kuna alama mpya za kuchomea.