John Newton: neema kwa mwuza watumwa

John Newton alizaliwa London mwaka 1725. Mwaka 1748 dhoruba baharini ilimfanya amlilie Mungu. Hata hivyo aliendelea na merikebu za watumwa hadi 1754. Mwaka 1764 aliwekewa mikono kuwa mchungaji, na mwaka 1788 akaandika dhidi ya biashara ile, akiungama aibu yake. Alifariki mwaka 1807, mzee mwenye kuheshimiwa. Wengi aliowafunga minyororo hawakuuona uzee.

Je, ni haki? Sisi tuliozika watu wetu tunauliza vilevile. Katika Mathayo 20, mwenye shamba hakumpunguzia mtu yeyote mshahara wake. Rehema kwa Newton haikufuta kilio cha walioumizwa, ilimlazimu kukishuhudia. Tuwahubirie wakosaji neema, wala tusiwanyamazishe wanaolia.