Carl von Linde, aliyewaondolea watengenezaji bia shida ya barafu

MFANYABIASHARA wa maziwa, samaki au bia anapowasha jokofu lake asubuhi, mawazo yake huwa kwenye bili ya umeme. Wachache wanamfahamu Mjerumani Carl von Linde, mtu ambaye hesabu zake ziliifanya baridi iwe bidhaa ya kutengenezwa kiwandani kwa gharama inayolipa.

Linde alizaliwa Juni 11, 1842 katika kijiji cha Berndorf, Bavaria. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri na alitaka mwanawe afuate njia hiyo. Kijana akachagua uhandisi, akaenda kusoma Zurich, Uswisi. Mwaka 1864 alifukuzwa chuoni kwa kushiriki mgomo wa wanafunzi, hivyo akaondoka bila shahada. Hata hivyo, baada ya kufanya kazi viwandani, mwaka 1868 aliajiriwa kufundisha katika chuo cha ufundi cha Munich akiwa na miaka 26.

Shida ya watengenezaji bia wa Bavaria ilikuwa wazi. Hamira yao hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi joto 8 hadi 10 hivi, kisha bia hukaa wiki nyingi karibu na nyuzi sifuri. Baridi hiyo huifanya hamira na chembechembe nyingine zizame chini ya pipa, bia ikabaki angavu. Barafu ilikatwa kwenye maziwa na mito wakati wa majira ya baridi, ikarundikwa kwenye maghala ya chini ya ardhi. Mwaka ambao maji hayakuganda ulikuwa mwaka wa hasara.

Linde hakuwa wa kwanza kuunda mashine ya baridi. Alichofanya, na hapa ndipo mchumi yeyote atamvulia kofia, ni kupima. Katika maandishi yake ya 1870 na 1871 alionyesha kwamba mashine za wakati huo zilitumia nguvu nyingi mno kulingana na baridi iliyopatikana. Watengenezaji bia waliyasoma. Gabriel Sedlmayr wa kiwanda cha Spaten, Munich, alikubali mashine ya kwanza ijaribiwe kwake. Ilitumia etha, na tatizo kubwa likawa kuzuia gesi isivuje. Linde akaanza upya kwa amonia, na kufikia 1876 alikuwa na mashine ya kutegemewa.

Inavyofanya kazi ndivyo yanavyofanya kazi matangi mengi ya kupozea maziwa leo, ingawa gesi hutofautiana. Kompresa huigandamiza gesi, gesi hupoteza joto na kuwa kimiminika, kisha kimiminika hicho hugeuka tena gesi na kunyonya joto la kilicho karibu.

Mwaka 1879 Linde aliacha kazi ya uprofesa yenye mshahara wa uhakika, akaanzisha kampuni mjini Wiesbaden. Alikuwa na familia ya kulisha. Majira ya baridi ya 1883/84 hayakuwa makali, barafu ya asili ikaadimika, na maagizo yakamiminika. Kufikia 1890 mashine 747 zilikuwa zimeuzwa.

Lakini baridi ina mtego wake, na hata anayetengeneza bia kidogo nyumbani huukuta. Chombo kikipozwa ghafla, gesi iliyo juu ya bia husinyaa, na bia baridi nayo hunyonya zaidi kabonidayoksaidi. Shinikizo likishuka, hewa ya nje huvutwa ndani kupitia kizibo cha kutolea gesi. Oksijeni iliyomo huiharibu bia: harufu ya kimea na mmea wa hopi hufifia, ladha ikawa kama ya karatasi iliyolowa. Dawa yake ni kuunganisha chombo na mtungi wa kabonidayoksaidi kabla ya kukipoza, ili kinachovutwa ndani kiwe gesi hiyo.

Oksijeni hiyo hiyo ndiyo iliyomtajirisha Linde uzeeni. Mwaka 1895 alifaulu kuigeuza hewa kuwa kimiminika, na mwaka 1902 akaitenga oksijeni kwa ajili ya viwanda, hasa kazi za kuchomelea na kukata vyuma. Alitunukiwa cheo cha uungwana mwaka 1897, ndipo jina lake likaongezwa "von". Alifariki dunia mjini Munich Novemba 16, 1934, akiwa na miaka 92. Kampuni yenye jina lake bado ipo, na miongoni mwa bidhaa zake ni kabonidayoksaidi wanayotumia watengenezaji bia kufukuzia hewa.