FAUSTO COPPI, BINGWA WA KINGA



Hapa Mulongo kila mtu anajua kazi ya kinga: inabeba samaki, inabeba unga, hata mgonjwa inamfikisha hospitali. Basi leo tunaleta maisha ya mtu aliyepanda kinga mpaka dunia yote ikamjua, ndiye Fausto Coppi wa Italia.

Alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji cha Castellania, kwa wazazi wakulima. Angali kijana mdogo akaingia kazi kwa muuza nyama katika mji wa Novi Ligure. Alikuwa anapelekea watu nyama nyumbani kwao, yeye na kinga yake. Mwaka 1940, akiwa na miaka 20 tu, akashinda Giro, ndiyo mashindano ya kuzunguka Italia.

Kisha ikawa vita. Mwaka 1943 Waingereza walimkamata huko Tunisia, akawa mfungwa. Vita ilipokwisha akarudi kwenye kinga. Kwa jumla alishinda Giro mara 5, na Tour de France mara 2, mwaka 1949 na 1952. Mwaka 1953 akawa bingwa wa dunia. Tena kiwanda cha Fiorelli, mle mle Novi Ligure alimopeleka nyama, kikatengeneza kinga za mashindano zenye jina la Coppi.

Desemba 1959 alikwenda Haute-Volta, inayoitwa leo Burkina Faso, kushindana na kuwinda. Alikuwa pamoja na Raphaël Géminiani, Mfaransa. Waliporudi kwao, wote wawili wakashikwa na homa kali. Ufaransa waganga walipima damu ya Géminiani, wakaona malaria, wakampa kinini. Akapona, akaishi mpaka mwaka 2024. Italia waganga walidhani Coppi ana ugonjwa mwingine. Akafa tarehe 2 Januari 1960, na miaka 40 tu.

Tuangalie vizuri, wenzetu. Waganga walikuwako, kinini ilikuwako. Kilichokosekana ni kupima tone moja la damu. Wale hawakuitambua malaria. Sisi wa Lualaba tunaijua sana, na ndiyo sababu tunaizoea, tunasema ni homa tu, itapita. Basi mwenye homa asijifiche kitandani sababu ya kuogopa kukosa mtihani. Aende apimwe damu siku ile ile. Mtihani unaweza kurudiwa.