Habari za Roberto Clemente, Mchezaji Aliyewakumbuka Watoto Maskini

Wanafunzi wa Runzewe, na wa pande zote za Geita, wajua mpira wa matambara. Mtoto asiye na fedha ya kununua mpira wa dukani hukusanya vitambaa vikuukuu, akavifunga kwa kamba hata viwe mviringo, na jioni mchezo ukaanza. Basi yafaa msome habari za mtu mmoja aliyeanza na mpira wa namna hiyo, akapata sifa kubwa duniani, wala hakuwasahau watoto waliocheza kama alivyocheza yeye.

Jina lake ni Roberto Clemente. Alizaliwa tarehe 18 Agosti 1934 katika mtaa wa San Antón, mjini Carolina, katika kisiwa cha Puerto Rico. Kisiwa hicho kiko katika bahari ya Karibi, nacho ni chini ya Marekani, lakini wenyeji wake husema Kihispania. Baba yake, Melchor, alikuwa msimamizi wa wakata miwa, na mama yake aliitwa Luisa. Roberto alikuwa kitinda mimba wao. Nyumbani hapakuwa na mali nyingi, lakini palikuwa na kazi na adabu. Husimuliwa kwamba Roberto alipotaka baisikeli, baba yake alimwagiza aitafute kwa jasho lake. Akawa akichukua makopo ya maziwa ya jirani kwa senti moja kila siku, na miaka mitatu ikapita kabla hajainunua.

Mchezo mkuu wa kisiwa kile ni besiboli. Timu mbili hushindana, kila moja ina watu tisa uwanjani. Mmoja hutupa mpira mdogo mgumu kwa nguvu, na mpinzani wake huupiga kwa gongo la mti. Akiisha kuupiga, hukimbia akizunguka vituo, na wale wengine hujitahidi kuudaka mpira na kumtoa kabla hajafika. Uko na mchezo ndugu yake, uitwao softiboli, ambao mpira wake ni mkubwa zaidi na hutupwa kwa mkono wa chini. Roberto na wenziwe hawakuwa na vyombo vya kuchezea. Gongo lao lilikuwa tawi la mpera, glavu yao ilishonwa kwa gunia la kahawa, na mpira wao ulikuwa matambara yaliyokazwa kwa mafundo.

Siku moja mwalimu wa shule, Roberto Marín, aliwaona vijana wa mtaa ule wakipiga makopo matupu kwa fimbo. Mmoja wao alipiga vizuri kupita wote. Mwalimu hakupita njia akaenda zake. Alisimama, akauliza habari zake, akamtia katika timu yake ya softiboli. Wakati huo Roberto alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne. Laiti mwalimu yule asingalisimama, labda ulimwengu usingalisikia jina la Clemente.

Tangu hapo akapanda daraja kwa daraja. Mwaka wa 1954 alikwenda Kanada kucheza mjini Montreal, na mwaka wa 1955 akaingia katika timu ya mji wa Pittsburgh, Marekani. Huko akakaa miaka kumi na minane. Timu yake ikatwaa ubingwa mwaka wa 1960, na tena mwaka wa 1971. Mara nne alikuwa wa kwanza katika ligi yake kwa ustadi wa kupiga, na tarehe 30 Septemba 1972 akatimiza mapigo 3,000, hesabu ambayo wachezaji kumi tu walikuwa wameifikia kabla yake.

Lakini msidhani kwamba njia yake ilikuwa laini. Clemente alikuwa mtu mweusi, na katika jimbo la Florida, mahali timu ilipofanya mazoezi, watu weusi walikatazwa kula na kulala pamoja na weupe. Tena Kiingereza hakikuwa lugha yake, na waandishi wengine wa magazeti waliyaandika makosa ya maneno yake ili wasomaji wacheke. Jambo hilo lilimchoma moyo. Hakunyamaza, wala hakuionea haya asili yake. Timu ilipopata ubingwa mwaka wa 1971, alisema kwanza kwa Kihispania mbele ya televisheni, akawaomba wazazi wake baraka.

Kila msimu ulipokwisha alirudi kwao. Angaliweza kukaa kitako na kula matunda ya kazi yake pamoja na mkewe, Vera, na wana wao watatu. Badala yake alikusanya watoto wa mitaa maskini viwanjani, akawafundisha kushika gongo, kudaka, na kukimbia. Moyoni alikuwa na nia kubwa zaidi: kujenga mji wa michezo kwa vijana wasio na kitu, wajifunze humo mchezo pamoja na tabia njema. Aliinena habari hiyo kila alipopata nafasi, lakini siku zake hazikutosha.

Tarehe 23 Desemba 1972 tetemeko la nchi liliuangusha mji wa Managua, katika nchi ya Nikaragua. Maelfu ya watu walikufa. Clemente alikuwa huko wiki chache tu kabla, akiongoza timu ya kisiwa chake, naye aliwapenda watu wale. Akashika uongozi wa kukusanya chakula, dawa na fedha. Kisha zikamfikia habari kwamba misaada inazuiliwa na askari wa serikali ya huko, haiwafikii wenye njaa. Akakusudia kwenda mwenyewe, akitumaini kwamba mbele ya uso wake hawatathubutu kuiba.

Usiku wa tarehe 31 Desemba, watu walipokuwa wakingoja mwaka mpya, alipanda eropleni kuukuu iliyojaa mizigo kupita kiasi. Mara baada ya kuruka, mitambo ikaharibika, ikaanguka baharini. Watu watano waliokuwamo walikufa wote. Clemente alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na mwili wake haukuonekana.

Mwaka wa 1973 akatiwa katika nyumba ya heshima ya wachezaji wakuu wa besiboli, naye ni wa kwanza kutoka nchi za Amerika ya Kilatini. Serikali ya Puerto Rico ikatoa eka 304 mjini Carolina, na Vera akaushika ule mradi wa mji wa michezo kwa miaka mingi. Vijana wengi walijifunza hapo, na baadhi yao wakafika ligi kuu ya Marekani. Lakini baada ya miaka mingi viwanja vile vilichakaa na majani yakaota, kwa maana jengo lisilo na watunzaji huanguka, hata kama aliyelikusudia alikuwa shujaa.

Wanafunzi, nchi yenu ni nchi ya dhahabu, nanyi mwajua kwamba jiwe halijitoi lenyewe ardhini. Lazima awepo wa kulitafuta. Mwalimu mmoja alimwona mtoto mwenye fimbo na kopo, na mtoto yule alipokuwa mtu mkubwa akawaona wengine. Nanyi mkipata elimu au nguvu au sifa, rudini kiwanjani mlikotoka, mkamtazame yule mdogo aliyeshika mpira wa matambara.